Mkono Uliosahau Kufunguka

Wadogo zangu wa chumba cha mazoezi, siku ya kuniaga mlinishika shati mkasema niandike yale niliyokuwa nikiwachosha nayo tukipanga mifuko ya mchanga. Sasa nimestaafu, nina meza, nina kalamu, na hakuna mgonjwa wa kunikatiza. Mmejitafutia wenyewe.

Kwanza mjue anayewaandikia alitoka wapi. Shule niliiacha mapema, kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama reli na mimi nilitazama dirisha. Nikasukuma baiskeli za mizigo kuelekea Nyunzu. Nikabeba magunia bandarini. Nikavua ndagala, dagaa wadogo wa ziwa letu, kisha nikahamia Kiambi nikavue mtoni, nione kama samaki wa mto wana akili kuliko wa ziwa. Wanayo. Nikatembea mpaka Piana-Mwanga kwa sababu tu nilitaka kuona maji yanavyogeuka kuwa umeme. Mlinzi wa bwawa alinieleza, sikuelewa, nikamuuliza tena, sikuelewa, nikamuuliza tena, akanifukuza. Kila kazi niliiacha siku niliyoona nimeshaielewa. Hii ya kwetu nimeiacha kwa sababu ya umri, na bado sijaielewa yote, na jambo hilo linanifurahisha mpaka mke wangu ananiuliza ninachekea nini peke yangu.

Hospitalini niliingia kama mbeba machela. Siku ya kwanza tulimbeba fundi mwashi, mwanamume mnene, aliyeamka asubuhi na nusu ya mwili haipo. Ilikuwepo, lakini haikuwa yake. Mkono wake wa kulia ulianguka nje ya machela, ukaning'inia kama nguo iliyotoka majini. Nikauinua nikauweka kifuani. Ukateleza. Nikauweka tena. Ukateleza. Mwenzangu wa upande wa miguu akaniambia nitembee, tunazuia mlango.

Pale kitandani akaja Mama Leoni. Yeye alikuwa kinesi wetu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye diploma kubwa na sauti ya kuongoza ng'ombe. Alitoa ufunguo wa nyumba yake mfukoni, akaukwaruza taratibu kwenye wayo wa yule mwashi, kutoka kisigino kwenda juu. Kidole gumba cha mguu kikainuka. Polepole, chenyewe, kikaelekea darini, na vile vingine vikatawanyika kama watoto walioitwa majumbani. Mwenye mguu hakujua lolote. Mimi na wewe tukikwaruzwa hivyo, kidole kinashuka chini.

Nikamwomba arudie.

"Papa Musafiri, hii si sinema," akasema.

Lakini akarudia, na kidole kikainuka tena, na mimi nikasahau kabisa kwamba machela ilikuwa inasubiriwa kwenye wodi ya wazazi. Wiki ile ile niliomba kuhamia chumba cha Mama Leoni. Nilisema najua kufagia, kuinua watu na kuuliza maswali. Alijibu kwamba mbili za kwanza anazihitaji.

Mtaniuliza kidole kile kilinifunza nini. Mama Leoni alinieleza kwa subira, kisha nikajieleza mwenyewe kwa lugha ya reli, na mpaka leo sina lugha bora. Juu ya ubongo, karibu na pale unapovaa kofia, kuna sehemu inayoagiza mwili usogee. Kutoka pale nyuzi za mishipa ya fahamu zinashuka, maelfu kwa maelfu, zinajibana katika njia moja nyembamba ndani ya ubongo, zinafika chini ya kichwa, na hapo, sikilizeni, zinavuka. Nyingi za kushoto zinakwenda kulia, nyingi za kulia zinakwenda kushoto. Kwa nini zinavuka? Nimewauliza madaktari wote waliopita hapa kwetu Kalemie, na kila mmoja aliangalia saa yake. Baada ya kuvuka zinashuka ndani ya uti wa mgongo, zinakabidhi mzigo kwa mishipa mingine, na hiyo ndiyo inayoufikisha kwenye misuli.

Sasa mshipa wa damu ukiziba au ukipasuka pale penye njia nyembamba, ni kama daraja limechukuliwa na maji. Stesheni ya juu ipo, mtu anataka kusogeza mkono, anatuma treni. Stesheni ya chini ipo, misuli ni mizima, inasubiri. Katikati hakuna reli. Na reli isiyopitisha treni haikai vile vile: nyuzi zilizokatwa zinakufa taratibu kuelekea chini, wiki baada ya wiki, mpaka ndani ya uti wa mgongo.

Lakini ninyi mnajua mlivyo watu wa huku. Reli ikikatika, Nyunzu haifi njaa. Mtu mmoja anapita porini na baiskeli, anaanguka. Kesho anapita tena. Keshokutwa wako wengi, majani yamelala, njia imeonekana. Ubongo nao unafanya hivyo. Sehemu za jirani zilizopona zinaanza kubeba maagizo ambayo hayakuwa yao. Njia za zamani zilizokuwa zikifanya kazi nyepesi zinapewa magunia. Hazibebi kama treni, zinayumba, zinamwaga mzigo njiani. Ila njia ya porini inakuwa njia kwa sababu moja tu, watu wanaipita. Asiyeutumia mkono, majani yanasimama tena. Nilipoelewa hilo nilicheka kwa sauti mbele ya wagonjwa. Miaka yote niliyosukuma baiskeli nilidhani sijasomea kitu.

Vifaa vyetu mnavijua, ila hamkuviona vikizaliwa. Zile fito mbili za kutembelea ni mabomba ya maji ambayo mtu fulani hakuyahitaji tena, au ndivyo tulivyoambiwa. Kapi ya kuinulia mikono ilitoka kwenye mtumbwi. Kioo cha kujitazamia kilikuwa cha kinyozi, ndiyo maana kina picha za mitindo ya nywele pembeni, na mgonjwa mmoja alikataa kufanya mazoezi mpaka tumwambie bei ya mtindo wa tatu. Kwa vidole tulitumia ndagala wakavu. Mgonjwa anachambua, wakubwa huku, wadogo kule. Mama Leoni alisema hakuna kifaa cha Ulaya kinachowashinda. Shida ni paka.

Alikuwa na makatazo yake, na la kwanza lilikuwa kwamba mkono uliopooza hauvutwi. Ndugu wanapenda kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono, na bega lisiloshikiliwa na misuli linatoka mahali pake. La pili, mkono hausahauliwi pajani kama mkoba. Hapa desturi yetu ilitusaidia. Sisi tunampa mkubwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, kwa heshima. Basi aliyepooza kulia tulimfundisha hivyo hivyo: mkono mzima unashika kiwiko cha uliolala, unauinua, unaupeleka mbele. Mgonjwa anafanya zoezi na mtaa mzima unamsifu kwa adabu. Kuna mzee mmoja aliyekuwa amejifungia ndani kwa aibu ya kutoa mkono wa kushoto. Akaanza kutoka akisalimia kila mtu, hata watoto wa chekechea, kwa heshima ya kumsalimia askofu.

Nawaletea sasa Mama Safi, maana ndiye aliyenifanya nikae katika kazi hii mpaka mvi.

Mama Safi alikuwa na malewa yake karibu na bandari, mkahawa wa mabati ambapo wabeba mizigo na mabaharia walikula bukari, ugali wetu wa mihogo na mahindi. Niliula mimi mwenyewe zamani zangu za magunia. Alikuwa akikaa kwenye kigoda, sufuria kubwa kati ya miguu, mwiko mrefu mikono miwili, na akisonga ule bukari mabega yote ya watu yalikuwa yakitikisika kwa kumtazama. Presha ikampiga siku ya soko. Upande wa kulia ukaenda, uso, mkono na mguu. Ulimi ukabaki salama, na baadhi ya wateja walisema afadhali ungepumzika kidogo.

Shemeji yake mkubwa, Papa Donati, kaka wa marehemu mumewe, akaita familia. Wakakubaliana hivi: Mama Godeliva, mke wa Papa Donati, atasonga bukari kwa muda. Pasaka ikifika, Mama Safi akiweza kusonga na kugawa mwenyewe, anarudi kwenye sufuria yake. Asipoweza, watampeleka kwa watoto wake milimani Moba, akae kwenye mkeka aangaliwe. Hawakuwa watu wabaya. Waliona hivyo ndivyo mgonjwa anavyotunzwa. Mama Safi alipoletwa kwetu akatuambia mimi na Mama Leoni kwamba yeye hajawahi kukaa kwenye mkeka hata alipokuwa mtoto, na kwamba kama tunataka afe tumpandishe Moba.

Mwanzoni mkono wake ulikuwa kama wa yule mwashi, nguo ya majini. Mguu uliamka mapema, akaanza kutembea kwenye mabomba yetu akiukokota na kututukana. Mkono ukalala. Kisha, wiki kadhaa zimepita, Papa Donati akaja mbio chumbani, kofia mkononi, uso unang'aa. Mkono umepata nguvu. Mama Safi amekunja ngumi, na ngumi hiyo mwanamume mzima haifungui. Walikuwa wamempa limau alikamue tangu asubuhi hadi jioni, kila siku, kwa ushauri wa mtaa wote, na limau limefanya kazi. Jumamosi wanachinja mbuzi kumshukuru Mungu, kwaya itakuja, na sisi tumealikwa.

Mama Leoni alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuuliza mbuzi ana ukubwa gani.

Tulikwenda. Kwaya iliimba, mbuzi alikuwa mtamu, na Mama Safi aliketi katikati na kitambaa kipya, ngumi yake imewekwa juu ya mto ili watu wote waione. Watu walikuja mmoja mmoja kuijaribu. Mbeba mizigo mmoja aliivuta hadi akatokwa jasho, wakapiga vigelegele. Mama Leoni alingoja watu wapungue, akachuchumaa mbele ya Mama Safi, akakishika kifundo cha mkono.

"Mama, hii ngumi njo wewe mwenyewe uliikunja?"

Mama Safi akafikiri. Alikuwa mkweli, hata ukweli ulipomchoma.

"Hapana," akasema. "Nilikuta imejikunja."

"Sasa ifungue."

Akajaribu. Bega likapanda, kiwiko kikajikunja, uso ukakunjamana, mkono wote ukajivuta kifuani. Ngumi ikakaza zaidi. Papa Donati akaweka mfupa wake chini.

Wadogo zangu, kosa hili mtaliona kila mwaka, na halitokani na ujinga, linatokana na furaha. Mkono uliokuwa umelegea ukikaza, nani asiite hiyo nguvu? Mama Leoni aliwaeleza, mimi nikaongeza habari za bandarini. Pale bandarini msimamizi hafanyi kazi moja ya kuamrisha vuta. Kazi yake kubwa ni kuamrisha acha. Msimamizi akiondoka, siku za kwanza vibarua wanakaa tu, hakuna kinachosogea. Baada ya muda wanaanza kuvuta wenyewe, kila mtu kamba iliyo karibu naye, hakuna wa kuwaambia basi. Ndivyo ilivyo misuli ikikosa sauti ya juu. Uti wa mgongo unabaki na amri zake fupi fupi, ukiguswa kidogo unavuta. Na kwenye mkono, wanaokunja wanawashinda wanaofungua. Limau lilikuwa linawashangilia washindi.

Mama Safi akauliza swali moja, kama mkono utafunguka kabla ya Pasaka. Mama Leoni alisema hajui, ila kwamba njia zinatafutwa zaidi katika miezi hii ya mwanzo na hatutapoteza hata asubuhi moja. Mama Safi akalitazama lile limau, akamwambia Papa Donati alikamulie kwenye pilipili.

Tukaanza kufundisha mkono kuachia. Kila asubuhi tuliukunjua polepole, gumba kwanza, bila kuvivuta vidole kwa haraka, maana ukiuharakisha unakasirika na kujifunga. Tuliukandamiza umefunguka juu ya meza, uzito wa mwili ukiwa juu yake. Kisha Mama Leoni akasema ubongo hauna hamu ya mazoezi, una hamu ya kazi. Unataka kazi unayoijua. Ndipo nilipoleta sufuria, mchanga wa ufukweni na maji, na mwiko wa Mama Safi mwenyewe. Tukausonga ule mchanga katikati ya chumba cha mazoezi. Mwiko ulifungwa mkononi mwake kwa kitambaa, mkono wa kushoto ukiongoza, mimi nikishikilia sufuria kwa miguu. Wagonjwa wengine waliacha mabomba wakaja kutoa maoni. Mmoja alisema maji mengi. Mwingine akaomba mboga.

Baada ya kusonga, kazi ya pili, ngumu kuliko ya kwanza. Bukari ukishawekwa kwenye sahani, mpishi analowesha kiganja na kuupapasa uwe mviringo. Hapo ngumi haifai, inaacha mashimo. Basi Mama Safi alinyanyua mkono, akautupa mbele juu ya kilima cha mchanga, na tukatazama vidole. Wiki nyingi vilitua vimefungwa. Mchanga ulikuwa na mashimo kama uso wa mwezi. Siku moja kidole cha shahada kilichelewa kujikunja. Kilichelewa tu, kama mtu anayesita mlangoni, na mimi nikarukaruka chumbani mpaka nikamwangusha mgonjwa aliyekuwa kwenye mabomba.

Wakati huo kule bandarini Mama Godeliva alikuwa anateseka. Bukari wake ulikuwa na mabonge, na mabaharia hawana huruma. Walimwuliza kama anawapikia au anawajengea. Naye hakupenda kuitwa mpishi. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa imekaa bure nyumbani. Lakini mumewe alishasema mpaka Pasaka, na neno limeshasemwa.

Pasaka ikafika. Jumatatu yake familia ikakusanyika kwenye malewa, Papa Donati kwenye kiti chenye mgongo, wateja wakijifanya wamekuja kula. Mama Leoni na mimi tulikuwepo. Mama Safi alikaa kwenye kigoda chake, sufuria kati ya miguu, maji yanatokota, unga ukaingia. Alisonga. Mkono wa kulia uliushika mwiko bila kitambaa, wa kushoto ukaongoza, na mabega yetu yakaanza kutikisika yenyewe. Bukari ulikuwa laini. Mbeba mizigo mmoja alianza kulia, akasingizia moshi.

Kisha akamaliza, na mkono haukuachia mwiko.

Alingoja. Sote tulingoja. Vidole vilikuwa vimeuzunguka kama kamba mpya. Mama Leoni akaenda, akakikunja kifundo chake taratibu, akasubiri, gumba likalegea, mwiko ukatoka. Papa Donati alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Mama, kusonga unasonga. Lakini kila sufuria tutaenda kuita kinesi?"

Mama Safi alitazama chini, na nilijua anaiona ile barabara ya Moba. Mimi nikinyamaza huwa naumwa tumbo. Nikasema jambo la kwanza lililonijia, kwamba kwa upande wangu asijali, nimeshazoea bukari wa Mama Godeliva, mabonge yake yananisaidia kuimarisha meno, na huu laini sijui hata nitautafunaje.

Kila kitabu kitakwambia hasira inakaza mkono uliopooza, na ni kweli. Lakini mkono wa Mama Safi ulikuwa umeshatupwa juu ya ule mchanga asubuhi nyingi sana. Ulinyanyuka kutoka pajani, ukaja mbele, na paa, ukatua begani kwangu. Lilikuwa kofi. Nililisikia begani kabla sijalielewa: kiganja, gumba pembeni, vidole vitatu vimenyooka vizuri na cha mwisho kimekunjika kidogo kwa uvivu wake.

Mama Safi aliutazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila hodi. Akaukunja. Akaufungua, polepole, si wote, lakini akaufungua yeye.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Mama Godeliva, akaanza kufungua aproni. Papa Donati alinawa mikono, akavuta sahani, akamega tonge, na malewa yote ikajua kwamba hakuna anayepelekwa Moba.

Nimepigwa katika miji mingi, na walinzi, na mabaharia, na baba wa msichana mmoja wa Kiambi. Nilisogeza kigoda, nikamgeuzia Mama Safi bega la pili, nikamwambia arudie.